Piga chini, mpira upae

Januari mwaka huu mpwa wangu alinitumia ujumbe wa sauti saa tano usiku. Yuko mwaka wa pili katika chuo kidogo hapa Nebraska, anacheza besiboli, na sauti yake ilikuwa ya mtu aliyekasirika lakini adabu bado anayo. "Shikamoo mjomba. Huyu kocha wa wapigaji ananichanganya. Kutwa ananiambia piga chini, piga chini. Leo kanionyesha video yangu mwenyewe, gongo linapanda, anasema hapo ndipo penyewe. Sasa nimsikilize yeye au niiamini video?"

Niliupeleka ujumbe ule kwenye kundi letu la WhatsApp la familia nikidhani watacheka waende zao. Badala yake maswali yakafumuka. Dada zangu wa Tanga wakauliza kocha wa wapigaji ndiye nani, kwani timu si ina kocha mmoja? Binamu aliyeko Kampala amekuwa akifuatilia mchezo huu tangu watoto wa Lugazi, Uganda, walipokwenda Williamsport, Marekani, mwaka 2012, wakawa timu ya kwanza ya Afrika kucheza fainali za dunia za ligi ya watoto kule. Yeye akaja na lake: mbona siku hizi kila mchambuzi wa besiboli anaimba "pembe, pembe"? Mwingine akataka kujua kwa nini vyuoni wanapigia chuma na wakubwa wanapigia mti. Mimi naishi Omaha, mji unaopokea fainali za besiboli ya vyuo tangu 1950, kwa hiyo nimeujua mchezo huu hata pale ambapo sikuutaka. Haya ndiyo niliyowajibu, nimeyanyoosha kidogo.

Tuanze na majina. Mrushaji husimama juu ya kichuguu cha udongo chenye kimo cha sentimita 25 hivi, mita 18.44 kutoka kwa mpigaji. Mpigaji ana gongo (la kushika, si lile la kunywa). Chini mbele yake kuna kibao cheupe chenye upana wa sentimita 43. Mpira ukipita juu ya kibao hicho, usawa wa kati ya magoti na kifua, ni straiki hata kama hakuugusa. Straiki tatu, ametoka. Ukipita nje ya dirisha hilo naye akauacha, hasara ni ya mrushaji: minne ya namna hiyo na mpigaji anapewa besi ya bure, yaani anakwenda kituo cha kwanza bila kupiga. Homurani ni mpira uliopigwa ukavuka ukuta wa uwanja. Kitendo cha kulitoa gongo begani na kulizungusha hadi likutane na mpira nitakiita mzungusho. Na kocha wa wapigaji ni msaidizi wa kocha mkuu, kazi yake ni huo mzungusho na kichwa cha anayeuzungusha.

Kazi hiyo ina uchungu wake. Mpigaji anayefaulu mara 3 katika 10 ni mzuri kwelikweli. Ted Williams alimaliza msimu wa 1941 akiwa na wastani wa 0.406, yaani mara nne na ushee katika kumi, na tangu mwaka ule hakuna aliyefika 0.400 katika zile ligi mbili zinazounda ligi kuu ya leo. Mwalimu wa hisabati ambaye mwanafunzi wake bora anakosa maswali sita kati ya kumi angeitwa ofisini. Huyu anapewa nyongeza ya mshahara.

Sasa tuje kwenye muda, maana bila muda hayo mengine hayaeleweki.

Mpira wa kasi wa mrushaji mzuri wa chuo huja kwa kilomita 145 kwa saa au zaidi. Mrushaji huwa ameshajitupa mbele kabla ya kuuachia, kwa hiyo safari yenyewe ni kama mita 16.8, na mpira unaimaliza kwa takriban sehemu nne za kumi za sekunde. Katika muda huo, mzungusho peke yake unakula kama sekunde 0.15. Macho na ubongo navyo vina kodi yao: kuona, kutambua, kutuma amri kwenye misuli. Ukitoa vyote hivyo, mpigaji anatakiwa awe ameamua kabla mpira haujamaliza nusu ya njia. Haamui juu ya mpira ulipo. Anaamua juu ya mahali utakapokuwa.

Wanawake wa kundi letu walilielewa hili kabla ya wanaume nilipowakumbusha kuruka kamba. Wawili wanazungusha, wewe uko pembeni unangoja kuingia. Mtoto mgeni hungoja aione kamba imepita ndipo akimbie, na kamba inamchapa shingoni. Anayejua hasubiri kuona. Mwili wake unacheza na mdundo tangu kamba iko juu, mguu unanyanyuka, bega linatangulia, na kamba inapogusa ardhi yeye yumo ndani. Mpigaji hufanya hivyohivyo. Mrushaji anapoinua mguu, naye anajivuta nyuma. Mkono wa mrushaji unapokuja mbele, mguu wa mbele wa mpigaji unatua. Kwa kila mpira anaanza safari ya kwenda kuupiga, na kinachobaki kuamuliwa ni kuikatiza safari hiyo au kuiacha iendelee. Ukimwona mpigaji anangoja atulie aone kwanza ni mpira gani, jua keshachelewa.

Na kuchelewa kwenyewe ni kwa kiasi gani? Kwa kasi ile, mpira husafiri sentimita 40 katika sehemu moja ya mia ya sekunde, karibu upana mzima wa kile kibao. Kosa dogo hivyo linatosha kuupeleka mpira nje ya mstari, kwa watazamaji. Ndiyo maana mrushaji hachoki kubadilisha kasi. Anakuletea mmoja wa 145, unaofuata mkono uleule unatoa wa 128, nawe unazungusha hewani mpira ukiwa bado njiani. Makocha wengi watakwambia kwamba kijana asiyepiga kitu, mara nyingi mzungusho wake hauna ubaya wowote. Saa yake tu ndiyo mbovu.

Hapa tumalizane na uongo mmoja wa zamani: "ufuate mpira kwa macho mpaka uguse gongo." Hakuna binadamu anayeweza. Mpira unapokaribia, kasi yake mbele ya uso inashinda uwezo wa jicho kugeuka, kama vile unavyoweza kulisoma jina la basi la mkoani likija kwa mbali lakini si linapokupita ubavuni. Wataalamu walishapima macho ya wapigaji wa kulipwa na kukuta kwamba hata wao huupoteza mpira kwenye mita za mwisho. Mbona basi makocha bado wanaisema kauli hiyo? Kwa sababu kijana anayejaribu kuufuata mpaka mwisho anatuliza kichwa. Shingo haichomoki, bega la mbele halifunguki mapema. Kauli ni ya uongo, kichwa kinatulia kweli. Liweke akilini hilo, maana ndilo litakalomjibu mpwa wangu.

Turudi kwenye ugomvi wa chini na juu.

Mpira wa mrushaji hauji umelala kama reli. Umetoka juu ya kichuguu, kwenye mkono ulio juu ya kichwa, na mvutano wa ardhi unaushusha njia nzima. Mpira wa kasi hufika kwa mpigaji ukiwa unashuka kwa digrii kama 6. Ile ya kupinda hushuka kwa mteremko mkali zaidi. Chukua gari linaloteremka kilima. Wewe ukitokea barabara ya pembeni, mtakutana njia panda tu, kwenye kitone kimoja na dakika moja. Ukiwahi umelikosa, ukichelewa limepita. Lakini ukipanda kilima kwa barabara ileile, mtakutana tu, iwe kwa mama ntilie wa juu au kwenye daraja la chini. Gongo linaloshuka au linalokwenda bapa linaukata mpira njia panda. Gongo linalopanda kidogo, digrii 5 mpaka 15 hivi, liko kwenye barabara moja na mpira, kwa hiyo kosa la saa linasameheka. Williams aliyasema haya ya gongo kupanda kidogo zaidi ya miaka hamsini iliyopita, vihisio na kamera zikaja kumthibitisha.

Kwa hiyo "piga chini" ni kosa? Ngoja. Mikono ya mpigaji inaanzia usawa wa bega, na mpira unapita usawa wa kiuno. Gongo lazima lishuke kwanza ndipo lipande. Fikiria bembea chini ya mwembe: inashuka kutoka nyuma, inapita chini kabisa, inapanda mbele. Mzungusho una umbo hilo. Anayesema "chini" anazungumzia mwanzo wa bembea, anayesema "juu" anazungumzia mwisho wake, na watu wazima wamegombana miaka mingi vyuoni na viwanjani kila mmoja akiwa ameshika nusu yake ya ukweli.

Lakini kuna jambo la ndani zaidi, na kwa maoni yangu ndilo kiini cha kazi ya kocha wa wapigaji. Anachokihisi mchezaji na anachokifanya ni vitu viwili. Mtu aliyezoea kuendesha gari lenye usukani unaovuta kushoto, mpe gari zima: atahisi linavuta kulia. Mwili wake umekwishalipa fidia, na sasa unyoofu unamjia kama kosa. Mpigaji ambaye gongo lake linapanda kupita kiasi, kwa digrii 17 au 18, ameishi na mpando huo kiasi kwamba kwake ndio bapa. Ili umshushe hadi 9, lazima ahisi kana kwamba anapasua kuni. Ukimwambia "panda digrii 9," atakuuliza digrii ni nini mpira ukiwa umeshadakwa. Ukimwambia "piga chini," mwili unapata amri unayoielewa, unakwenda nusu ya njia, na nusu ya njia ndiko ulikotaka afike.

Kauli ya kocha basi ni dawa. Haielezi mzungusho ulivyo. Inatibu ugonjwa wa mtu mmoja kwa wakati mmoja. Ndiyo maana kocha mmoja, siku moja, kizimba kimoja cha mazoezi, atamwambia huyu piga chini na yule piga juu, na wote wawili akawa sahihi. Balaa linakuja dawa ya mtu inapochukuliwa na jirani. Kijana anaona video fupi mtandaoni, mchezaji maarufu anasimulia kwamba yeye huhisi anapiga kuelekea chini, naye anaibeba kama ilivyo. Kaka, umeulizia alikuwa anaumwa nini?

Mwezi wa pili nilikwenda kumtazama. Uwanja wao ulikuwa umeganda, kwa hiyo wanajifunzia ndani, kwenye vizimba virefu vya nyavu vilivyopangwa kama vyumba vya treni, taa nyeupe juu na harufu ya raba chini. Mpwa wangu ana ugonjwa unaofahamika: bega lake la kulia linazama, gongo linatokea chini kabisa kama mtu anayechota maji, na mipira inapaa kwenda kwenye dari ya wavu. Kwenye kitako cha gongo lake kimebanwa kihisio kidogo kinachotuma namba kwenye simu ya kocha. Kilisoma 17, kikasoma 16, kikasoma 18.

Nilidhani kocha atalizungumzia bega. Hakulitaja hata mara moja. Alifunga kamba ya plastiki kukata kizimba katikati, usawa wa juu wa mlango. Kisha akachukua tii, kile kijiti cha raba kinachobeba mpira uliotulia, akakirefusha mpaka mpira ukawa usawa wa kifua cha kijana. "Pitisha chini ya kamba, ugonge wavu wa mwisho," akasema, kisha akakaa juu ya ndoo iliyogeuzwa. Mpira wa kwanza ulipaa. Wa pili ukaigonga kamba. Wa tatu kijana alilikosa jambo zima akapiga tii yenyewe, wenzake wakamzomea. Kufika wa nane au wa tisa sauti ikabadilika. Asiyejua besiboli angeisikia pia, ule mlio mfupi mkavu, kama kopo limefungwa. Mpira ulipita chini ya kamba, ukanyooka, ukatikisa wavu wa mwisho. Kihisio: 10. "Umehisi nini?" kocha akauliza. "Kama napiga ardhi," kijana akajibu. Akaonyeshwa video. Gongo linapanda.

Zile kamba na tii ndefu zina sababu. Rob Gray wa Chuo Kikuu cha Jimbo la Arizona amefanya majaribio na wapigaji wazoefu na kuona kwamba ukiwalazimisha wafikirie mikono na gongo lao wanaharibikiwa, na wanafanya vizuri zaidi mawazo yao yakiwa kwenye kitu kilicho nje ya mwili, hasa mpira unakokwenda. Anayebeba ndoo ya maji kichwani analijua hili: akianza kuwaza shingo yake, maji yanamwagika. Kocha wa kizazi kilichopita alikuwa mtu wa maneno, weka kiwiko hivi, geuza mguu vile, vunja kiganja. Wa leo, akiwa mzuri, ni fundi wa mazingira. Anapanga kamba, tii na ndoo, mwili wa kijana unalitafuta jibu wenyewe.

Kuhusu nguvu nitapita haraka. Watu hudhani homurani hutoka kwenye mikono minene. Angalia mchungaji anapotumia kombeo: jiwe halirushwi na kiganja, linarushwa na mwili uliogeuka, bega likafuata, mkono ukafuata, kamba ikafuata, na kila kinachofuata kinakwenda kwa kasi kuliko kilichotangulia. Kwenye mzungusho nyonga zinaanza, kifua kinachelewa kidogo kwa makusudi ili misuli ya katikati ivutike kama mpira wa manati, kisha mikono, kisha ncha ya gongo. Kijana mwembamba mwenye mpangilio huo humshinda jitu lenye misuli linalogeuza kila kitu kwa pamoja kama mlango.

Mazoezi nayo yana hadithi yao ya udanganyifu. Picha ya bidii tuliyolelewa nayo ni kijana anayepiga mipira 500 kwenye tii mpaka viganja vinatoka malengelenge. Mwaka 1994 yalichapishwa matokeo ya jaribio lililofanywa na wapigaji 30 wa chuo huko California. Mbali na mazoezi ya kawaida ya timu, kundi moja lilirushiwa mipira 45 ya ziada mara mbili kwa wiki kwa mafungu: 15 ya kasi, 15 ya kupinda, 15 ya polepole. Kundi jingine lilipata mipira ileile lakini imechanganywa, hujui unaokuja. La tatu halikupata ziada. Baada ya wiki 6 lile lisilopata ziada lilikuwa limeongeza mipira iliyopigwa barabara kwa kama asilimia 6, la mafungu 25, la mchanganyiko 57.

Na cha kuchekesha, mazoezi ya mchanganyiko yanaonekana mabaya yanapofanyika. Kijana anakosakosa, anakasirika, mzazi aliyesimama nyuma ya wavu anatikisa kichwa. Ya mafungu yanapendeza macho: mpira wa kumi wa kupinda unapigwa kama ngoma, kwa sababu ubongo ulishaacha kuuliza swali. Ni sawa na mtoto anayefanya hesabu ishirini za kuzidisha mfululizo. Siku ya mtihani, swali halisemi kama ni la kuzidisha au kugawanya. Tii ina kazi yake, tumeiona, ni chombo cha kutibu mwili. Haiwezi kufundisha saa, maana mpira wake hauendi popote.

Sasa zile "pembe" za binamu wa Kampala. Tangu 2015 viwanja vyote vya ligi kuu vina mitambo inayopima kila mpira unaopigwa, na vyuo vyenye fedha navyo vikajinunulia vya kwao. Namba mbili ndizo zinazotajwa sana: kasi ya mpira unapotoka kwenye gongo, na pembe unayoruka nayo. Mpira unaotoka kwa kilomita 160 kwa saa ukiwa na pembe ya digrii 28 una nafasi kubwa ya kuwa homurani. Watu wakaishika nusu ya pili ya sentensi wakaiacha ya kwanza. Pembe ileile ya 28, mpira ukitoka kwa kilomita 130, ni zawadi kwa mdakaji wa nyuma: anarudi hatua chache, anaweka glavu, anadaka huku anatafuna ubani. Kijana mwepesi wa miguu asiye na kasi hiyo anafaidika zaidi na mpira mkali wa digrii 10 unaopita kati ya watu. Na warushaji hawakulala. Walipoona wapigaji wote wanapandisha gongo, wakaanza kurusha mpira wa kasi juu, usawa wa kifua, mahali ambapo gongo linalotoka chini sana halifiki kwa wakati.

Swali la chuma na mti nalipenda kuliko yote, kwa sababu linaonyesha jinsi kocha anavyosifiwa kwa kisichokuwa chake. Vyuo viliruhusu magongo ya alumini mwaka 1974. Gongo la chuma lina uwazi ndani, na ukuta wake mwembamba hubonyea kisha huruka, kama ngozi ya ngoma iliyowambwa vizuri inavyorudisha mkono. Mti haubonyei, mpira ndio unaopondeka na nguvu nyingi inapotea humo. Watengenezaji wakaendelea kuiwamba ngoma mpaka fainali ya 1998 ikaisha kama mpira wa kikapu wa watoto: Chuo Kikuu cha Kusini mwa California 21, Jimbo la Arizona 14. Mwaka mmoja kabla, Chuo Kikuu cha Jimbo la Louisiana kilikuwa kimepiga homurani 188 katika msimu mmoja.

Mwaka 2011 kikaja kipimo kipya kinachobana mruko huo, ili chuma kikaribie tabia ya mti. Mwaka uleule fainali zikahamia uwanja mpya hapa Omaha, mkubwa na wenye upepo. Homurani zikakauka. Katika fainali zote za 2014, mechi 16, zilipigwa 3 tu. Moja ilikuwa ya John Norwood wa Vanderbilt, katika raundi ya 8 ya mechi ya mwisho, nayo ikaipa timu yake ubingwa kwa 3 kwa 2. Mwaka uliofuata vyuo vikaanza kutumia mpira wenye mshono uliolala zaidi, usiokamatwa sana na hewa, na homurani zikarudi. Kufika 2024 Tennessee ilibeba ubingwa ikiwa imepiga 184. Kati ya 1998 na 2014 je, makocha walisahau kufundisha? Nashuku mengi waliyokuwa wanafundisha yalikuwa yaleyale. Ngoma ndiyo iliyolegezwa, kisha mpira ukabadilishwa.

Chuma kinaficha makosa bado. Mpira ukiligonga gongo karibu na mikono, chuma kinaweza kuusukuma ukaangukia mahali pazuri. Mti unakatika, unabaki na kipini mkononi, kiganja kinawaka moto. Ndiyo sababu maskauti wa timu za kulipwa hupenda kuwatazama vijana wa vyuo wakati wa kiangazi kwenye ligi ya Cape Cod, Massachusetts, ambayo tangu 1985 inatumia mti.

Tukumbuke pia kwamba kocha huyu hana muda mwingi tunaodhani. Kanuni za vyuo vya Daraja la Kwanza zinaruhusu saa 20 za shughuli za timu kwa wiki wakati wa msimu, na ndani yake kuna mechi, nazo hufika 56 kwa msimu. Kijana akiingia chuo cha miaka minne, timu za kulipwa haziwezi kumchukua mpaka amalize mwaka wa tatu au afikishe miaka 21. Kwa hiyo kuna kama majira matatu ya baridi ya kumjenga, na kubadilisha mzungusho katikati ya msimu ni kama kubadilisha tairi gari likitembea: wengi wanaojaribu huishia kupoteza ya zamani kabla ya kupata mpya.

Ndiyo maana namtaja Charlie Condon kila dada zangu wanapouliza kama inafaa kungoja. Aliingia Chuo Kikuu cha Georgia bila kugombaniwa, na mwaka wake wa kwanza, 2022, hakucheza hata mechi moja. Alifanya mazoezi tu, akaongeza mwili. Mwaka 2024 alipiga homurani 37 kwa wastani wa 0.433, idadi kubwa kuliko ya mpigaji yeyote wa Daraja la Kwanza tangu kipimo cha 2011 kianze hadi wakati huo, na Colorado, timu ya ligi kuu, ikamchukua wa tatu katika uteuzi wa nchi nzima.

Mpwa wangu si Condon, na hilo tunalijua sote, hata mama yake. Alinipigia tena Aprili, barafu imeyeyuka, wako nje. Akaamkia, akaniuliza habari za nyumbani, kisha akashindwa kuvumilia.

"Mjomba, sasa kageuka. Wiki nzima ananiambia nipige juu."

Nikamuuliza kihisio kinasomaje.

"Mbili," akasema. Akanyamaza kidogo. "Ilikuwa kumi na saba."